Sabuni ya Rodi Ailandi

Zuhura muuza kabichi ndiye aliyeyaleta maneno yale kutoka bondeni. Efrazia alijaribu kuyaacha shambani, akajaribu kuyaacha kisimani, yakarudi naye nyumbani kila safari.

"Secilia wako anaringa siku hizi," Zuhura alisema huku akitua tenga lake. "Nimemkuta kule chuo cha wauguzi, amevaa gauni lake jeupe, hata kuniamkia hakuniamkia."

Efrazia akageuka kutazama nyuma ya nyumba. Secilia alikuwa pale pale, ameinama, anachimba viazi, tope mpaka kwenye viwiko.

"Zuhura. Mwanangu yule pale."

"Namwona."

"Sasa huko bondeni umemwona nani?"

"Dada Efrazia, mimi nimesema nilichokiona."

Efrazia alikuwa balozi wa nyumba kumi hapo Rangwi, mwaka wa tano sasa. Kazi ya balozi ni kusikiliza watu wakisema walichokiona, halafu kuwauliza mpaka kibaki kile walichokiona kweli. Akamvutia Zuhura kigoda.

"Uso wake uliuona?"

"Alinipa mgongo."

"Sauti?"

"Sauti ya msichana tu. Ilikuwa hivi. Nimepeleka kabichi jikoni kwao asubuhi, wanafunzi wamepangwa mstari uwanjani wanaitwa majina. Matroni akasoma, 'Secilia Abrahamu, Rangwi.' Nikanyanyua kichwa, huyo si wa kwetu? Msichana akaitika, 'Abee!' Nikapunga mkono. Hakugeuka. Nikasema, basi, amekuwa mkubwa."

"Kwa hiyo uliona mgongo na ukasikia jina."

"Jina na kijiji chake, dada. Rangwi kuna Secilia Abrahamu wangapi?"

Alikuwa mmoja. Balozi ndiye aliyemzaa.

Kufikia jioni kila nyumba kati ya zile kumi ilikuwa na maelezo yake. Wengine walisema msichana ana kivuli kinachotembea peke yake. Wengine walisema Secilia huteremka bondeni kwa siri na kurudi kabla ya jogoo, kama vile barabara ya Mombo ni uchochoro wa jirani. Abrahamu, mume wa Efrazia, alisema hayo ni maneno ya wanawake, akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Efrazia alichoka nao wote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo: yule matroni alisoma jina hilo kwenye karatasi gani?

Maana chuoni huitwi kwa kukisia. Unaitwa kwa karatasi, nazo ni mbili, cheti cha darasa la saba na barua ya kuitwa. Secilia alikuwa nazo zote mbili. Barua ilifika kwa posta ya misheni, ikasema aripoti tarehe mosi. Hakuripoti. Hakwenda kwa sababu alikuwa anangoja safari kubwa zaidi, na mama yake mwenyewe, kwa mikono yake hii, alizitoa zile karatasi sandukuni akampa Bwana Tobia.

Sasa huyu Bwana Tobia. Alifika miezi miwili nyuma, akafikia kwa Mzee Rubeni. Kijana wa miaka thelathini hivi, suti ya kaunda, kofia ya kitambaa yenye alama ya nanga. Alisema anatoka Bungu, kwamba amekaa Marekani mwaka mzima katika jimbo liitwalo Rodi Ailandi, na kwamba kanisa la mabaharia la huko limewaalika vijana wanane wa milimani wakatembee miezi mitatu, waone bandari na meli, halafu warudi wajenge taifa. Alikuja na kalenda yenye picha, meli za matanga, mnara wa taa juu ya mwamba, nyumba za mbao zilizopakwa rangi. Watu waliipokezana ile kalenda kama mtoto mchanga.

Vijana wanane walichaguliwa. Wote walikuwa wamefaulu darasa la saba. Wote walitoa vyeti "kwa ajili ya paspoti." Secilia alipouliza habari ya uuguzi, Bwana Tobia akasema, "Nipe na hiyo barua, nitawaandikia chuoni wakutunzie nafasi." Efrazia alimshukuru. Alimshukuru na kumpa jogoo.

Asubuhi ya Jumatano alianza na Mwalimu Selemani, kwa sababu fikra yake ya kwanza ilikuwa shuleni. Pengine mwalimu ametoa cheti cha pili kwa mtu mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Balozi. Kama umekuja juu ya kivuli cha Secilia, mimi sina somo hilo."

"Nimekuja juu ya cheti. Unaweza kuandika viwili?"

Mwalimu akavua miwani yake. Hakupenda swali lile, na alikuwa na haki. "Kinatolewa kimoja kwa mtoto mmoja. Kikiungua, kikiliwa na mchwa, unaandika barua wilayani, wanakupa maneno, cheti hawakupi. Nimeshawaambia wazazi mpaka koo limenikauka. Chako kiko wapi?"

"Kwa Bwana Tobia."

"Vya wale saba wengine?"

"Kwa Bwana Tobia."

Mwalimu akaivaa tena miwani yake. Halafu akasema, "Alikuja hapa pia. Aliniomba orodha ya waliofaulu vizuri. Nikamuuliza, mbona Omari hukumchukua, kijana anapenda meli, anachora meli hata ukutani. Akasema Omari hakufaulu. Nikashangaa. Kutembea tu, kutazama bahari, kunataka alama za hesabu?"

"Na hukuniambia?"

"Wewe ndiye balozi. Mgeni anaandikwa kwenye daftari lako, si langu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilimchoma. Efrazia alirudi akalifungua daftari la wageni. Sheria ilikuwa inajulikana na kila mtu: mgeni akilala zaidi ya siku tatu anatoa barua ya utambulisho kutoka kwa balozi wa kwao. Kwenye mstari wa Tobia, mahali pa barua, alikuta mwandiko wake mwenyewe: "Ataleta." Akakumbuka ilivyokuwa. Alimfuata kumuuliza mara tatu, na mara zote tatu alimkuta anakula. Na kwao Rangwi mtu mwenye sahani mbele yake hahojiwi. Unaweza kuongea naye, unaweza kucheka naye, lakini swali la kumbana linangoja sahani iondolewe, na anayeiondoa ni mwenye nyumba. Bwana Tobia alikuwa ameijua desturi hiyo vizuri sana. Kila Efrazia alipobisha hodi, alimega tonge jipya.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, alikwenda kwa Mzee Rubeni. Alimchukua mgambo mmoja, Yohane, akamwambia asimame kwenye migomba na asikohoe.

Ndani palikuwa na watu, kama kawaida. Wazazi wa vijana wawili, Mzee Rubeni kwenye kiti chake, na mkewe, Mama Sefania, akipakua. Bwana Tobia alikuwa na ugali, mchuzi wa kuku, na bakuli la maharage kando likingoja zamu yake.

"Shikamoo, Balozi!" Tobia alisema bila kusimama. "Karibu. Mimi natoka kwa balozi wa Marekani, wewe balozi wa nyumba kumi. Mnafanana cheo, mmezidiana nyumba tu."

Watu wakacheka. Efrazia naye akacheka, akakaa.

"Marahaba. Nina swali dogo juu ya—"

"Mgosi huyu mgeni anakula," Mzee Rubeni alisema taratibu.

"Naona, baba. Basi nisiulize. Bwana Tobia atusimulie tu. Mimi siku ile ya kalenda nilikuwa kwenye kikao, sikusikia habari yote."

Hadithi haikukatazwa. Tobia alijifuta midomo, uso ukamng'aa. Mtu wa aina ile ukimuuliza anajificha, ukimwomba asimulie anajifungua mwenyewe.

"Jimbo lenyewe ni dogo," alianza, "dogo kuliko yote ya Marekani. Ukipanda basi upande huu asubuhi, kabla ya mchana umeshatokea upande wa pili. Lakini watu wake! Mabaharia tangu mababu. Zamani walivua nyangumi."

"Nyangumi ndiyo nini?" akauliza mama mmoja.

"Samaki mkubwa kama kanisa letu. Mafuta yake waliwashia taa."

"Yesu wangu!"

"Na bandari?" Efrazia akasema. "Tuambie ya bandari."

"Bandari zimejaa meli, ndugu zangu. Kuna mnara wa taa juu ya mwamba, unawaka kuongoza mabaharia."

Hayo yote yalikuwa kwenye kalenda. Efrazia alihitaji kitu ambacho mpiga picha hakukipiga. "Wewe mwenyewe ulikaa karibu na maji?"

"Karibu! Dirisha langu na bahari, kama hapa na migomba ile. Masika bahari inajaa mpaka milango ya maduka, watu wanaweka magunia ya mchanga. Kiangazi inapungua, inapungua, watoto wanavuka kwa miguu kwenda kisiwa cha pili."

Wazazi walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Mto wao hufanya hivyo hivyo. Kwa nini bahari isifanye?

"Na kufua je? Nguo mlifua wapi?"

"Pale pale bandarini! Mabaharia wote wanafulia pale. Unachota ndoo ya maji ya bahari, sabuni kidogo tu, povu jeupe mpaka begani."

Efrazia alinyanyuka. Alipokuwa msichana alilea watoto wa bwana shamba mmoja Tanga, miaka mitatu. Wiki moja bomba lilikatika, akatumwa baharini na ndoo kufulia nepi. Alilia siku ile. Na katika miaka hiyo mitatu aliona bahari ikijaa na kupwa mara mbili kila siku ya Mungu, jua liwake au mvua inyeshe. Watu wa chumba kile hawakuwa wamewahi kuiona hata mara moja, wala Bwana Tobia.

"Mama Sefania," alisema, "niazime beseni, maji, chumvi, na kipande cha sabuni ya mche."

"Ya nini tena?"

"Nataka kuona Rodi Ailandi."

Beseni likaletwa. Efrazia akatia chumvi, konzi, konzi nyingine, Mama Sefania akaguna maana chumvi ilikuwa ya shida mwezi ule. Akakoroga. Akachukua sabuni na kitambaa, akasugua. Akasugua tena. Maji yakawa na utando mchafu wa kijivu, sabuni ikakatika vipande vidogo vidogo kama maziwa yaliyoganda. Povu halikutoka.

"Onjeni haya maji. Bahari ina chumvi, hilo tunalijua hata sisi wa milimani. Haya, nani anitolee povu mpaka begani?"

Mama mmoja akajaribu. Mwingine akajaribu, akiwa na hasira, kama vile sabuni imemtukana.

Mzee Rubeni akakohoa. "Labda chumvi ya Marekani ni ya namna nyingine."

"Baba!"

"Nasema labda."

"Na bahari haingoji masika," Efrazia akasema. "Inajaa asubuhi, inapwa mchana, inajaa tena. Nimeiona kwa macho yangu miaka mitatu. Mtu aliyelala mwaka mzima dirishani pake asione hilo, alikuwa amefumba macho au hakuwepo."

Tobia aliukata mguu wa kuku taratibu. "Balozi, bado ninakula," alisema, akitabasamu. "Ngoja nimalize, nitakueleza yote."

Akavuta bakuli la maharage. Efrazia alijua kwamba akiuliza sasa hivi, watu wale wale waliotapeliwa wangemgeukia yeye kwa utovu wa adabu, naye akatamani kupiga mtu kofi. Hakujua ampige nani kwanza.

Mama Sefania ndiye aliyeinama. Aliuchukua ugali. Akachukua mchuzi. Akalivuta bakuli la maharage kutoka mkononi mwa mgeni, maana alikuwa ameling'ang'ania, akavipeleka vyote jikoni, akarudi akapangusa meza.

"Uliza, Balozi," alisema. "Kuku wangu wamekwisha."

"Paspoti inataka picha ya uso," Efrazia alisema papo hapo. "Vijana wanane. Umempeleka nani kwa mpiga picha?"

Tobia akatazama mlangoni.

"Hata mmoja. Sasa cheti kina faida gani kuliko picha? Hakina sura. Kina jina tu. Anayekishika ndiye mwenyewe. Fungua begi."

"Begi ni mali ya—"

"Yohane!"

Mgambo aliingia na jani la mgomba begani. Tobia akalifungua begi mwenyewe. Vyeti vilikuwa ndani ya kalenda, vimekunjwa kwa uangalifu. Efrazia akavihesabu mezani, akasoma majina, wazazi waliokuwepo wakanyakua vya watoto wao. Saba. Akapekua kalenda tena, Januari mpaka Desemba.

"Cha Secilia?"

"Kimetangulia Dar es Salaam."

"Kimetangulia peke yake? Kina miguu? Bwana Tobia, kuna msichana chuoni bondeni anaitwa kila asubuhi kwa jina la mwanangu na anaitika. Una nafasi moja ya kuniambia wewe kabla hujawaambia polisi Lushoto."

Alisema. Alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mmarekani ambaye alirudi kwao akamwachia kalenda, kofia na hadithi. Mtu mmoja wa bondeni, ambaye binti yake alifeli, alimpa baiskeli na redio, naye akampa cheti na barua ya Secilia. Wale saba walikuwa bado wanatafutiwa wateja.

"Na sisi," akasema Mzee Rubeni, "tungengoja mpaka lini?"

Tobia alitazama meza tupu. "Mpaka kuku waishe."

Ijumaa Yohane alimpeleka Lushoto kituoni. Jumatatu Efrazia na Secilia walikuwa mbele ya meza ya matroni, mwanamke mwenye kalamu tatu mfukoni na kazi ya watu kumi.

"Secilia Abrahamu tunaye," matroni alisema bila kunyanyua kichwa. "Ana wiki ya sita."

"Huyo si yeye. Huyu hapa ndiye."

"Mama, mimi nina cheti. Wewe una nini?"

"Nina mtoto."

"Kila anayekuja hapa ana mtoto."

Efrazia aliweka mezani daftari la wageni, maungamo ya Tobia yameandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi watano. Matroni akayasoma mara mbili. Akasema karatasi inaweza kusema lolote. Akamwita yule msichana. Msichana alikuja, gauni jeupe limepigwa pasi, akajibu kila kitu bila kukwama: jina la baba, jina la kijiji, hata jina la Mwalimu Selemani. Alikuwa amefundishwa vizuri kuliko katekisimu. Angewezaje kushindwa na mtoto aliyekariri nyumba yake?

Matroni akakitoa cheti kwenye faili, akakitazama chini kabisa. Akatoa kalamu mbili.

"Andikeni majina yenu. Kila mmoja upande wake."

Msichana wa gauni aliandika haraka, herufi zimelala na kushikana. Secilia aliandika kama alivyozoea, moja moja, zimesimama wima, halafu akapiga mstari chini kwa sababu Mwalimu Selemani aliwachapa wasiopiga. Matroni akakigeuza cheti. Chini, mahali pa sahihi ya mwenye cheti, herufi zilikuwa zimesimama wima, na mstari ulikuwepo.

Yule msichana akaanza kulia. "Naitwa Marta," alisema. "Nimezoea hilo jingine. Hata usingizini wakiliita naitika."

"Nenda ukakusanye vitu vyako," matroni alimwambia, si kwa ukali. Halafu akamgeukia Efrazia. "Cheti chukua. Nafasi ya mwaka huu siwezi. Wenzake wameshaingia wodini. Nitaandika wizarani, aje Januari."

"Amefaulu! Ameibiwa!"

"Najua. Na wiki sita haziko kwenye faili nikupe. Januari, mama."

Secilia alikishika cheti kwa mikono miwili.

"Matroni," aliuliza, "kwa hiyo Rodi Ailandi haipo?"

"Ipo. Iko kwenye ramani, ndogo hivi." Alionyesha ncha ya kidole. "Ila haijui kama wewe upo. Funga mlango mkitoka."

Jumapili baada ya misa Efrazia alizikusanya nyumba zake kumi. Hakuhutubia. Alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari la wageni akasoma alichokiandika.

Ya kuepuka:

Usitie cheti cha mtoto mkononi mwa mtu. Anayekihitaji akione mkononi mwako, basi.

Barua ya kuitwa shule au chuo usimpe mtu akakujibie. Jibu mwenyewe, au mwalimu akuandikie.

Usiahirishe nafasi iliyo hapa kwa ajili ya safari ya kuambiwa.

Usiandike mgeni "ataleta." Asipoleta barua siku ya tatu, asiandikwe, na asilale.

Usimwamini mtu kwa kalenda. Kalenda inauzwa dukani.

Mtu akisema amefika mahali, muulize alifulia wapi na alikunywa nini. Usimuulize majumba.

Mgeni alishwe vizuri, lakini sahani ya tatu isipakuliwe kabla hajaulizwa.

Ukisikia mtoto wako ameonekana mahali ambapo hayupo, usiseme kivuli. Panda basi ukaone.

Usimcheke Secilia. Anakwenda Januari.

Mimi nilikosea la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Msinifuate.